Ghala Limejaa, Damu Ina Njaa

Karakana, 4 Machi

Mpwa wangu Bisibisi,

Salamu zikufikie zikiwa bado na joto, maana naziandika kando ya tanuri. Mimi mzima kama nondo. Mkaza mjomba wako naye mzima, ila mdomo wake ndio mzima zaidi.

Barua yako nimeipata. Nimeisoma mara ya kwanza nikacheka, nimeisoma mara ya pili nikaacha kucheka. Unasema dada yangu, mama yako mzazi, amekutwa na chuma kichwani. Daktari wa mishipa ya fahamu kamlaza ndani ya mtambo wenye umbo la bomba, kampiga picha ya ubongo, kaona chuma kimetanda humo kama kutu kwenye tangi bovu. Ndiyo sababu mikono yake inatetemeka, uso unajikunja bila yeye kutaka, na maneno yanamtoka yakiwa yamelala chali. Halafu, kwa vile mimi na yeye tumenyonya ziwa moja, unataka nami nije nipimwe.

Mwanangu, hebu tulia. Unaongea na Fundi Cheche. Mimi nimekula vumbi la chuma tangu wewe hujawa hata fununu. Kama chuma kingekuwa na tabia ya kupanda kichwani, leo ningenata kwenye kila geti ninalopita. Uliza mtaa mzima nani aliunga fremu ya lori huku lori linatembea, kwa sababu dereva alikuwa na haraka. Nilikimbia ubavuni, mashine ya kuchomelea begani, waya unaniandama nyuma kama mkia wa nyani, na tulipofika kituo cha pili kazi imekwisha na rangi nimepaka. Mama yako atakwambia lori lilikuwa limesimama. Usimsikilize, tangu utoto kazi yake ni kunirekebisha. Uliza pia nani alitengeneza geti la duka la dawa, ambalo mwizi alihangaika nalo mpaka akazeeka, na sasa ni mlinzi wa duka hilohilo.

Tena chuma mwilini si mgeni kwangu. Nina kipande ndani ya jicho la kulia. Kiliruka siku moja nikisaga bawaba, kikaingia, kikapapenda, kikahamia. Namwita Mpangaji. Najua hamniamini, mkaza mjomba wako anasema hiyo ni hadithi yangu ya mia na moja. Lakini Mpangaji yumo na hajawahi kunigombeza. Basi hicho cha kichwani kitanifanya nini?

Ushauri wangu: wamwekee Dada sumaku kubwa, ile ya spika, nyuma ya kisogo. Chuma kitajileta chenyewe.

Simu usinipigie. Masikio yangu yaliliwa na mashine ya kusagia, nikiweka simu nasikia nzi ndani ya kopo. Barua ndiyo yenye heshima. Na mwandiko usikusumbue, naandikia gotini, na goti langu halikusoma.

Mjomba wako asiyeshika kutu,
Fundi Cheche


Chumba cha walimu, 19 Machi

Shikamoo Mjomba,

Nimemsomea Mama barua yako. Ulipofika kwenye lori alinyoosha kidole kutaka kusema, ikamchukua muda, mwisho akasema: “Lilikuwa limesimama.” Basi ujue bado yupo.

Sasa nisikilize kama unavyosikiliza mashine inayokataa kuwaka. Hiki si chuma cha karakana. Hakikuingia kwa pua wala kwa jicho. Ni chuma cha kwenye chakula, ambacho kila mtu anacho. Ndani ya damu kuna kitu kama mchukuzi, kazi yake kukitoa chuma kwenye viungo na kukipandisha kwenye damu kisafiri. Mama hana mchukuzi huyo, hakuzaliwa naye. Chuma kikishuka kwenye ini, kwenye kongosho, kwenye ubongo, hakuna wa kukibeba tena. Kinakaa kinaunguza. Na ukipima damu unaikuta nyembamba. Miaka yote Mama anaambiwa damu yake ndogo, kumbe chuma kipo, kimefungiwa ndani. Nilipomwuliza daktari mbona mambo mawili yanapingana, nikajikuta namjibu mwenyewe: ghala limejaa, damu ina njaa. Akasema ndivyo hivyo hasa.

Kongosho likiharibika mtu anapata kisukari, kama Mama. Macho nayo hufifia. Mikono inafuata.

Hili hurithiwa kwa baba na mama wote wawili. Babu na Bibi walikuwa watoto wa ndugu, wewe ndiye uliyewahi kujisifu kwamba damu yetu haikutiwa maji. Kila mtoto wao alikuwa na nafasi moja katika nne ya kuzaliwa hivi. Mmebaki wangapi, Mjomba? Wawili.

Mama ameanza dawa. Ni vidonge vinavyokamata chuma na kutoka nacho kwenye mkojo, na mkojo unageuka mwekundu kama maji ya kutu. Ameogopa sana, ingawa tulimweleza kwamba si damu. Kila wiki anapimwa, na akipata homa hata kidogo tunakimbia hospitali, maana dawa hiyo inaweza kuua askari wa mwili. Daktari hakuniahidi kitu. Alisema kilichoharibika hakirudi, kinachotafutwa ni kisizidi. Lakini mtu akiwahiwa kabla mikono haijaanza, dawa inaweza kuishikilia nyumba isianguke.

Kwa hiyo nakuuliza: una sukari? Umewahi kuambiwa damu yako ndogo? Mikono yako ikoje? Mpangaji mwache apumzike, leo si siku ya hadithi. Na hilo goti lako ambalo halikusoma, mwaka juzi lilikuwa na mwandiko mzuri.

Mpwa wako,
Bisibisi


Karakana, 2 Aprili

Bisibisi mwanangu,

Maswali yako yamenipiga kama polisi. Najibu.

Sukari sina, labda ile ya maneno. Damu yangu ni nyingi mno, mbu akininyonya anaondoka akiyumba na wenzake wanamwuliza amekunywa wapi. Mikono yangu ni hii iliyoinua injini ya basi peke yake wakati winchi imekatika. Juzi niliungua kidogo kwenye kigasha, lakini hilo si la mkono, ni la chuma. Chuma kikiwa kibichi hupiga chafya.

Ila jambo moja limeninyima raha. Dada kaniandikia mwenyewe, mistari mitatu, kwamba anakojoa damu. Wewe unasema si damu. Mwanangu, mimi shule niliiona mgongo tu, lakini nyekundu naijua. Mtu anaingia hospitali na damu ndogo, wanampa kidonge kinachoitoa hata hiyo ndogo, halafu wanamsifu anaendelea vizuri. Hata hivyo mimi si daktari. Nimefunga mdomo, nimetupa ufunguo.

Nimemtumia zawadi kwa basi. Ni sanduku la bati la kuwekea nguo zake za hospitali, kona nimezikunja kwa mkono, kufuli ya shaba. Mwambie Dada maneno haya usiyabadilishe: “Ni kama lile la Mama.” Atafurahi. Na wewe usilichungulie sana, nakujua. Ulikuwa na miaka mitano ulipoifumua redio yangu yote ukitafuta watu wadogo wanaoongea humo. Jina la Bisibisi sikukupa bure.

Habari za kupimwa tutaongea mvua zikiisha. Kazi zimenizidi, watu wanapanga foleni mpaka kona.

Mjomba wako mwenye damu ya akiba,
Fundi Cheche


Nyumbani, 20 Aprili

Mdogo wangu Cheche,

Naandika polepole, kalamu inataka kwenda kwake. Barua hii ataipeleka jirani, si Bisibisi.

Sanduku limefika. Mtoto aliposema “kama lile la Mama” nilicheka mpaka mate yakanitoka. Siku hizi yananitoka hata bila kucheka. Unakumbuka tulivyokuwa tunaficha biskuti kwenye tumbo la chini, Mama anakagua la juu, anaapa nyumba ina panya wenye funguo?

Nimezikuta zote, hakuna iliyovunjika. Nakunywa vijiko viwili asubuhi mtoto akishaondoka kwenda shule, na viwili kabla hajarudi. Ladha ileile ya kulamba msumari. Hospitali wananihurumia, lakini wamenijua jana. Wewe umenijua tangu sina meno ya mbele.

Unasema wewe inakusaidia. Kweli inakusaidia, Cheche? Ulipokuja mara ya mwisho ulikaa na mkono wa kushoto umeukalia, chini ya paja, tangu tulipoanza kula mpaka tukanawa. Nikadhani ni macho yangu yananidanganya. Kisha nikaona kikombe umekishika kwa mikono miwili kama mtoto.

Habari za chupa usimwambie mtoto. Nami habari za mkono sitamwambia.

Na lori lilikuwa limesimama.

Dada yako


Nyumbani, 8 Juni

Mjomba,

Leo sina salamu ndefu.

Mama hajambo kwa kusema tu. Vipimo vimerudi vibaya. Chuma hakishuki, kimepanda. Ini limeanza kulalamika. Daktari ameipitia karatasi yote tena, ameuliza kama Mama anatema vidonge, nikamwambia namwekea mwenyewe ulimini na kumsubiri ameze. Ameuliza kama kuna chakula kipya, dawa nyingine, chochote. Nikasema hakuna. Alinitazama kama ninavyomtazama mwanafunzi anayesema daftari lake limeliwa na mbuzi.

Wiki hii Mama alinyoosha mkono kuchukua kijiko, akachukua hewa, akaitia mdomoni. Aliponiona nimeona, akatafuna.

Je, kuna kitu Mama amekuandikia? Anakula nini nisipokuwepo? Wewe ndiye anayekuambia mambo.

Na mvua zimeisha, Mjomba.

Bisibisi


Nyumbani kwenu kwa mjomba, 25 Juni

Bisibisi mwanangu,

Huyu ni mkaza mjomba wako. Mjomba wako yuko kitini mbele yangu, anasema, mimi naandika.

Anasema: andika kwamba mkono wangu nimeupa likizo kwa heshima ya kazi uliyofanya. Nimeandika. Anasema: andika kwamba geti la zahanati lililoanguka lilitengenezwa na fundi mwingine, fundi wa kubahatisha. Nimeandika. Geti lile alilitengeneza yeye. Anasema: andika kwamba lilipoanguka mimi nililidaka kwa bega. Nimeandika. Lilimwangukia mguuni, nasi tunashukuru halikumpata mtoto wa mtu. Sasa anauliza mbona sentensi zake fupi zinachukua mistari mingi. Nimemjibu herufi zangu ni nene kama mwenyewe. Amecheka.

Nimempa karatasi aihakiki. Ameitazama kwa heshima zote, akatikisa kichwa, akasema, “Vizuri, hapo umenipata.” Alikuwa ameishika juu chini.

Sasa ametoka kwenda karakana, kukaa, maana siku hizi ndiyo kazi. Nasema yangu.

Barua zako zote namsomea mimi. Macho yamekwenda, mwanangu. Mtu aliyekuwa anaona ufa kwenye chuma kabla chuma chenyewe hakijajua. Sukari anayo, ana miaka nayo. Mkono wa kushoto ulianza, wa kulia unaufuata kama ndugu. Foleni mpaka kona hakuna, kuna kuku wa jirani. Siku niliyomsomea pale ulipouliza habari za mikono, alikwenda kusimama nje akijifanya anakagua mawingu.

Sasa lile la pili. Wifi aliomba usiambiwe, lakini mimi hakuniapisha mtu. Mjomba wako anakunywa dawa ya kuongeza damu, ile nyekundu ya chupa. Zahanati walimpa walipoona damu yake ndogo, zikaisha, akaendelea kununua mwenyewe, hakosi asubuhi na jioni. Ulipoandika kwamba damu ya wifi ina njaa, tulisema basi mwenye njaa hulishwa. Akamtumia katoni nzima chini ya lile sanduku. Lina matumbo mawili. Tulifanya kwa mapenzi. Lakini juzi ulipoandika kwamba daktari ameuliza kama kuna dawa nyingine, nilimsomea, akaniambia, “Ruka hapo.” Ameniambia ruka hapo! Ndipo nikaamua kukuambia.

Tuambie kama tumekosea.

Mkaza mjomba wako


Nyumbani, 1 Julai

Mjomba, na mkaza mjomba unayesoma kwa sauti,

Msiruke hapa.

Nimelipindua sanduku. Chini kuna skrubu nne zilizopakwa rangi ya bati. Kuzifungua ulinifundisha wewe. Chupa zilikuwa zimefungwa vitambaa moja moja zisigongane, na mafundo ni ya Mama, mafundo yake ya siku hizi, makubwa, yaliyofungwa na mtu anayepigana na vidole vyake. Zote tupu isipokuwa mbili.

Mjomba, dawa ya kuongeza damu ni chuma. Ndicho kilichomo, chuma kilichoyeyushwa kikatiwa utamu. Anayekosa chuma kinamfaa. Mama hakosi chuma, anakosa wa kukibeba. Nyumba ilikuwa imejaa maji, sisi tunachota kwa kikombe dirishani, na wewe ukafungua bomba mlangoni. Kwa mapenzi, najua. Ndiyo maana sijui hasira hii niiweke wapi.

Nami nilikuandikia kwamba damu ina njaa. Nilijiona nimesema. Ndivyo tulivyo walimu, tukipata sentensi nzuri tunaiacha mezani, hatuangalii nani ataichukua. Ningeandika tu: asipewe dawa ya damu.

Mama hasemi tena. Si kwamba hataki. Tangu Jumanne sauti inatoka lakini haina maneno. Daktari anasema huenda ingefika huko hata bila chupa, huenda isingefika. Hakuna anayejua, wala hataweza kujua. Tumeanza upya na dawa.

Lakini kuelewa anaelewa. Nilipomwonyesha chupa alifumba macho. Nikamwuliza, “Ulijua Mjomba naye anaumwa?” Akanitazama, kisha akauchukua mkono wake wa kushoto kwa mkono wa kulia, akauweka chini ya paja, akaukalia. Akakaa hivyo, ananikodolea. Mpaka nilipomsogezea kikombe cha maji, akakishika kwa mikono miwili, akakitikisa mbele yangu, ndipo nikaelewa kwamba hakuwa ananionyesha hali yake. Ni yako.

Maneno yote yamemwisha, Mjomba, na ya mwisho ameyatumia kwako.

Acha chupa leo hii. Njoo. Usipokuja, usiniandikie tena habari za lori.

Bisibisi


[kwa herufi kubwa, mistari inapanda na kushuka]

5 Julai

BISIBISI

NIMEMWAGA ZOTE. NAKUJA BASI LA JUMATATU.

DAMU MCHUKUE MNAYOTAKA. LAKINI LILE BOMBA SIINGII. KUNA MPANGAJI.

MJOMBA


Hospitali, 15 Julai

Mkaza mjomba, shikamoo,

Mjomba amefika salama, ameshuka basi akimwambia dereva namna ya kukanyaga breki.

Majibu ya damu yametoka. Mchukuzi hayumo, kama kwa Mama. Chuma kilichojificha ndani ni kingi sana. Daktari anasema zile chupa zake za asubuhi na jioni zimeharakisha safari. Ni ugonjwa uleule. Nilikuwa nimejiandaa, lakini niliposikia nilitoka nje kidogo.

Nina jingine la kukuambia, na nataka ulisikie kwangu.

Walitaka kumpiga picha ya ubongo, kwenye lile bomba. Mtambo ule wote ni sumaku, mtaalamu wake ni mama mmoja mkali anayeacha hata pini za nywele nje. Akauliza, “Baba, kuna chuma chochote mwilini?” Mjomba akasema, “Kipo, jicho la kulia.” Nami nikacheka. Nilikuwa nimechoka, nilikuwa bado na hasira, nikamwambia yule mama, “Msikilizeni nusu tu, huyu ana hadithi. Anaogopa mtambo.” Nikamshika mkono nimwingize.

Mjomba alishika fremu ya mlango. Si kwa nguvu, unajua mikono yake sasa, lakini hakuachia. Akamwambia yule mama, si mimi: “Mama, mimi nimesema uongo wa kujaza lori na tela. Huu haumo.”

Yule mama akamwuliza kazi yake. Akasema mchomeleaji. Yule mama akafunga mlango wa mtambo papo hapo. Akasema tupige kwanza picha ya kawaida ya macho, ile ya mifupa.

Kipo, mkaza mjomba. Nimekiona kwa macho yangu, cheupe, kidogo kama punje ya ufuta, nyuma kidogo ya mboni. Wakaniambia sumaku ingekichomoa kwa kukipitisha popote palipo karibu, na angetoka mle ndani jicho halipo.

Nilikaa sakafuni. Miaka yote ile tuliyomcheka, mimi na wewe na Mama. Nilidhani atatamba, mtaa mzima ungesikia. Hakutamba. Aliuliza tu, kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake: “Kwa hiyo mmeniamini?”

Daktari anasema si lazima bomba, damu imeshasema vya kutosha. Kufifia kwa macho si kosa la Mpangaji, ni ugonjwa. Ameanza vidonge jana. Hakuna aliyetuahidi mikono, wala macho. Tumeambiwa tusubiri, tupime, tusubiri.

Niombee kwake radhi ukimwandikia. Mimi nimeomba, akasema amesahau, na wewe unajua anavyodanganya.

Bisibisi


Nyumbani kwa Dada, 2 Agosti

Mke wangu mwenye mdomo mzima,

Anaandika Bisibisi, nasema mimi. Nimemwonya asiongeze yake pembeni kama mtu fulani.

Mkojo wangu umeanza kuwa mwekundu. Daktari anasema ndivyo inavyotakiwa. Nimemwambia wangu ni mwekundu kuliko wa Dada, naye akasema hayo si mashindano. Kila kitu ni mashindano, ila wenzetu waliosoma hawajaambiwa. Kila wiki tunakwenda wote wawili kutolewa damu, tunakaa benchi moja, mimi nautikisa mkono wa kushoto, yeye anautikisa wa kulia, na katikati pale watu wanaacha nafasi.

Karakana usiiuze. Usiifungue pia. Zile nyundo uzipake mafuta.

Jana mchana tulikuwa sisi wawili, mtoto yuko shule. Nyumba kimya. Dada kalala kwa ubavu ananitazama. Unajua mimi na kimya hatuelewani. Nikaanza ile ya lori. Nikaipigia kelele zake zote, dereva ana haraka, mimi nakimbia ubavuni, waya nyuma kama mkia. Nikafika pale kwenye kituo cha pili. Hapo ndipo siku zote huwa ananikata. Tangu mwaka ule lori lilipoletwa karakana, sijawahi hata mara moja kupita pale bila kukatwa. Nikanyamaza, nikamwachia nafasi yake.

Hakuna kitu. Mdomo unahangaika, jicho liko kwangu, hakuna kinachotoka.

Nikasubiri. Huwezi kuimaliza hadithi ile bila yale maneno, inabaki imening'inia. Ikabidi niyaseme mwenyewe.

Nikasema, “Lilikuwa limesimama.”

Uso wake ukajikunja wote, mate yakamtoka mpaka kwenye mto. Bisibisi hapa anasimamisha kalamu, anasema tusijidanganye, uso unajikunja hivyo mara nyingi siku hizi, ndio ugonjwa. Andika hivyo, mwanangu, usiache. Mimi nimesema nilichoona, nawe unajua sasa kwamba zipo siku nasema kweli.

Nilimfuta mate. Ilinichukua muda, kwa mikono hii. Hakuwa na haraka.

Mumeo,
Fundi Cheche